Kabla ya Kushika Spana

Ukitaka kumpima fundi wa gari, mtazame kabla hajashika spana. Fundi wa kubahatisha hulala chini ya gari mara tu linapoingia, akafungua nati mbili tatu, akakaza, akadai chake. Fundi hodari anachelewa. Anauliza, anazunguka, anachutama mbele ya tairi, anapapasa, ananyamaza. Mteja mwenye haraka huona anapotezewa muda, kumbe kazi imeshaanza, na sehemu yake ngumu kuliko zote ndiyo hiyo.

Tofauti hiyo hujitokeza zaidi kwenye paralelizimu, yaani kupanga magurudumu yaende sambamba, hasa gari likiwa kuukuu na ni la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Na kwa gari la namna hiyo, Malemba-Nkulu ni mtihani wa haki. Mji umekaa kando ya mto Lualaba, katika bonde la Upemba, mkoa wa Haut-Lomami nchini Kongo, uliozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1956 Kamina ikaunganishwa na Kabalo kwa njia inayopitia Kabongo. Malemba haikuguswa na reli hizo. Mpaka leo mizigo na wagonjwa hupita mtoni au kwenye barabara ya udongo mwekundu, ambayo kiangazi ni mashimo na mchanga, na masika ni matope yaliyoficha visiki.

Gari zinazoimudu njia hiyo zinahesabika. Nyingi ni Toyota Land Cruiser za safu ya 70, ile iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1984: HZJ75 yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, na zilizoifuata tangu 1999, 78 na 79, zilizobadilishiwa springi za mbele kutoka majani kwenda koili. Mara moja moja hupita Land Rover Defender. Zote zina ekseli nzima ya mbele, bomba moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, na hilo ndilo linalomwamulia fundi njia ya kufikiri. Kwenye gari dogo la mjini kila gurudumu lina mikono yake na nati zake za kurekebisha pembe. Kwenye ekseli nzima, kitu kinachorekebishwa kwa spana ni kimoja tu: urefu wa tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele. Pembe nyingine zote zimo ndani ya chuma. Zikiwa zimeharibika, basi kuna kitu kimepinda, kimelika au kimehama, na kazi ya fundi ni kukitafuta.

Katika miji mikubwa kuna mashine za kamera. Vioo vinafungwa kwenye rimu, skrini inaonyesha nyuzi za pembe kwa rangi nyekundu na kijani. Ni mashine nzuri. Lakini mashine hiyo itakuambia gurudumu limeinama kiasi gani, haitakuambia limeinamishwa na nini. Fundi wa Malemba ana uzi, chaki, msumari, timazi, futi ya chuma, jeki, na mikono yake. Kwa kuwa vifaa ni vichache, mpangilio wa mashaka yake lazima uwe mzuri: ashuku nini kwanza, nini baadaye, nini mwisho kabisa. Hapo ndipo ulipo ufundi wote.

Shaka la kwanza ni maneno ya dereva mwenyewe.

"Papa, gari inavuta kuume. Fanya tu paralelizimu, kesho nirudi Kamina."

"Inavuta ukiwa unakwenda tu, ao ukifunga breki?"

"Sijaangalia, Papa."

"Basi twende, kijana yangu. Endesha wewe."

Dereva amekuja na ugonjwa na dawa kwa pamoja, na dawa yenyewe huenda siyo. Paralelizimu mbovu, kwenye ekseli nzima, ni nadra kulivuta gari upande mmoja, kwa sababu magurudumu mawili hugawana kosa nusu kwa nusu na gari likaenda mbele. Kosa hilo hula tairi, hufanya usukani ukae mshazari, au hufanya gari litangetange barabarani hata dereva anachoka mabega. Gari linalovuta upande lina sababu nyingine, na fundi ataipitia moja baada ya nyingine.

Ndiyo maana anataka aendeshwe. Anachagua kipande cha barabara na kukipita mara mbili, kwenda na kurudi, juu ya ubavu ule ule wa barabara. Barabara ya udongo huinuka katikati na kushuka pembeni, na gari lolote, hata zima, hufuata mteremko. Likivuta kuume wakati wa kwenda na kushoto wakati wa kurudi, barabara ndiyo inayovuta. Likivuta kuume safari zote mbili, gari linasema kweli. Akishuka, anaweka kiganja kwenye kitovu cha kila gurudumu. Kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, kuna breki inayoshika au beringi inayokauka, na hakuna haja ya kugusa tairodi. Halafu upepo: anapima tairi zote. Halafu anabadilisha tairi za mbele, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Mvuto ukihamia upande wa pili, mkosaji ni tairi. Ni kazi ya muda mfupi isiyotaka spea yoyote, na imemwokoa mteja asiuziwe rotula, vile viungo vya ncha za tairodi, asizozihitaji.

Kuna swali lingine ambalo dereva wengi hawalitegemei: unatembea na gia ya magurudumu manne hata kwenye barabara kavu? Land Cruiser hizi za zamani haziruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kupishana mwendo gia hiyo ikiwa imeingia. Kwenye matope tairi huteleza kidogo na hakuna tatizo. Kwenye ardhi kavu na ngumu chuma hujikaza dhidi ya chuma, usukani unakuwa mzito kwenye kona, tairi zinaliwa, na dereva anakuja kulalamikia paralelizimu. Dawa yake ni kurudisha kigingi cha gia mahali pake.

Baada ya hapo ndipo fundi anachutama mbele ya tairi, na hapa inafaa kumtazama kwa karibu. Anakunja vidole, anavipitisha juu ya mpira kwa upana, kutoka ukingo wa nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Macho hayaangalii tairi. Mara nyingi yanaangalia mbali. Tairi linaloburutwa kiupande huota makali kama ya msumeno kwenye kingo za meno yake, upande mmoja ukiwa laini na wa pili ukikwaruza. Vidole vikiteleza vinapoingia ndani na kukwaruzwa vinapotoka nje, magurudumu yamefumba mno kwa mbele. Vikikwaruzwa vinapoingia ndani, yamefunguka. Hali hiyo ikiwa sawa kwenye tairi zote mbili za mbele, shaka linaelekea kwenye tairodi. Ikiwa tairi moja tu limeliwa ukingo na mwenzake ni mzima, shaka linahama: beringi zimelegea upande huo, au ekseli imepinda. Na kama mpira una mabonde, bonde na kilima, bonde na kilima kuzunguka tairi, atatazama shokapu, mizani ya gurudumu na beringi. Mkono umesoma yote hayo kabla kiungo chochote hakijaguswa.

Hasara ya kupuuza somo hilo inahesabika. Tairi la 7.50R16, ambalo gari nyingi hizi hulivaa, lina kipenyo cha karibu milimita 800. Magurudumu yakiwa yamekosea sambamba kwa milimita 5 kati ya mbele na nyuma, kila tairi linasuguliwa kiupande mita tatu hivi katika kila kilomita. Kilomita 100 ni mita 300 za kusaga mpira kwenye changarawe, katika mji ambao tairi jipya husafiri mbali mpaka lifike.

Sasa gari linainuliwa. Fundi anashika gurudumu juu na chini, analitikisa; kisha kushoto na kulia, analitikisa tena. Likicheza juu na chini, anamwambia msaidizi akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi za kitovu. Ukibaki, ni zile beringi mbili, ya juu na ya chini, zinazobeba kiungo ambacho gurudumu hugeukia. Kwenye Land Cruiser beringi hizo mara nyingi ndizo chanzo cha kutetemeka kule kunakowatisha madereva: gari linagonga shimo likiwa katika mwendo, na ghafla usukani unapigapiga mikononi mpaka usimamishe kabisa. Wengi hukimbilia kufunga shokapu mpya ya usukani. Mtetemo unapungua, ugonjwa unabaki palepale, na unarudi mkubwa zaidi shokapu hiyo ikichoka. Fundi mvumilivu hufungua rotula, akafunga mizani ya ndoano, ya aina ile ile inayopima samaki, kwenye mkono wa kiungo, akavuta polepole na kusoma ni kilo ngapi zinahitajika kukigeuza. Kikigeuka bila uzito wowote, beringi zimekwisha au zimelegea, na zitabadilishwa au zitakazwa kwa kupunguza bati nyembamba zilizowekwa pale kwa kazi hiyo.

Gari likirudi chini, msaidizi anachezesha usukani kidogo kushoto na kulia, injini ikiwa imezimwa. Fundi analala chali na kuweka kidole kimoja juu ya kila rotula, nusu ya kidole kwenye fimbo na nusu kwenye mkono inakoshikia. Rotula nzima hupeleka mwendo wote kwa pamoja. Iliyochoka huchelewa; kidole kinasikia nusu moja imesogea na ya pili bado. Jicho haliwezi kuona ucheleweshaji huo. Kwa njia hiyo anafuata mwendo kutoka boksi ya usukani hadi gurudumu la mwisho, kiungo kwa kiungo, na anajua unapopotelea.

Kuna ugumu mmoja ambao mtu wa barabara za lami hataujua. Fundi popote duniani hutafuta unga wa kutu kuzunguka boliti, kwa sababu chuma kinachosuguana na chuma hutoa unga mwekundu. Ukiuona, boliti hiyo imelegea. Lakini huku vumbi lenyewe ni jekundu, na gari zima limepakwa rangi hiyo. Kwa hiyo anapangusa kila kiungo kwa kitambaa chenye mazuti, yaani dizeli, anaondoka, anaruhusu gari litembee kidogo, anarudi. Vumbi la njia litakuwa limetanda kote sawasawa. Unga uliotoka ndani utakuwa umechora mstari mwembamba pembeni mwa boliti moja tu.

Kisha springi. Kwenye HZJ75 ekseli inashikiliwa na majani ya springi, na majani yanashikiliwa na sentabolti moja katikati, nene kama kidole, iliyofichwa chini ya yubolti. Gari likizidishiwa mzigo na kugonga ukingo wa daraja la magogo, sentabolti inakatika bila mtu kujua. Ekseli inateleza nyuma upande mmoja, na tangu siku hiyo gari linakwenda mbele huku mwili wake umekaa kiupande, kama mbwa anavyokimbia. Paralelizimu ya mbele itapimwa ionekane sawa, usukani utanyooshwa, na tairi zitaendelea kuliwa.

Hili fundi hulipata kwa timazi. Anafagia uwanja mgumu, anaingiza gari, anateremsha timazi kutoka kwenye boliti za shingo za springi na kutoka kila mwisho wa ekseli, na kila inapogusa ardhi anachoma msumari. Gari linaondolewa. Inabaki misumari kwenye udongo, ramani kamili ya gari lisilokuwepo. Anavuta uzi kwa mshazari kutoka kona hadi kona, mara mbili. Nyuzi mbili zikilingana, gari limesimama mraba. Zisipolingana, anajua upande uliohama na umehama kiasi gani. Hapimi kwa kulinganisha tairi za mbele na za nyuma, kwa kuwa anajua baadhi ya Land Cruiser zilitoka kiwandani na ekseli ya mbele pana kuliko ya nyuma. Uzi ulionyooshwa ubavuni ungemdanganya.

Springi iliyovunjika haitupwi. Jani la springi ni chuma kizuri. Lililokwisha kwenye gari huishia kwa mhunzi, likawa jembe au panga. Bonde hili lina historia ndefu na chuma. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua tangu 1957 makaburi yaliyojaa vyombo vya udongo, shaba na chuma, ya watu walioishi humu zaidi ya miaka elfu iliyopita. Katika kaburi moja la Kamilamba, humu humu bondeni, mtu alizikwa na shoka la heshima pamoja na fuawe ya chuma. Fuawe haizikwi na mtu asiye na cheo. Waliomzika walijua kwamba anayekielewa chuma anastahili heshima, na heshima hiyo ingefaa kumfikia hata anayelala chali chini ya ambulensi leo.

Mwisho wa yote hayo, sasa ndipo paralelizimu inapimwa. Gari linainuliwa, gurudumu linazungushwa, chaki inapakwa katikati ya mpira pande zote, na msumari ulioegemezwa kwenye gogo unachora mstari mwembamba juu ya chaki. Rimu ikiwa imepinda haidhuru, maana mstari umechorwa gurudumu likizunguka. Gari linateremshwa na kusukumwa mbele kidogo ili tairi zikae. Kipimo chenyewe ni mti ulionyooka wenye miguu miwili iliyosimama, kila mguu na msumari juu yake, kwenye usawa wa kitovu cha gurudumu. Mti unapitishwa nyuma ya magurudumu, misumari inagusishwa kwenye mistari miwili, tairi zinawekwa alama pale pale. Kisha gari linasukumwa mbele nusu mzunguko, alama zinakuja mbele, na mti unapelekwa mbele. Linasukumwa mbele daima, kwa sababu kurudi nyuma hufungua michezo midogo ya viungo na kubadilisha kipimo. Pengo kati ya msumari na mstari ndilo jibu.

Jibu hilo lisomwe kwa kujua ni gari gani. Land Cruiser inayotembea kwa magurudumu ya nyuma, ya mbele yakisukumwa tu, hutaka kufumba kidogo kwa mbele, milimita chache, kwa kuwa mwendo utayafungua. Land Rover Series III vilevile ilipewa kufumba, milimita 1.2 hadi 2.4. Lakini Defender, ambayo huvuta kwa magurudumu yote wakati wote, ilipewa kufunguka, kutoka 0 hadi milimita 2, kwa sababu magurudumu ya mbele yenye nguvu hujivuta ndani yenyewe. Fundi anayetumia kipimo kimoja kwa gari zote atakula tairi za mojawapo. Vilevile tairodi iliyopindwa na kisiki inafupika. Ikiwa imekaa nyuma ya ekseli, magurudumu yatafunguka mbele. Ukiirefusha kwa kuzungusha nati bila kuinyoosha, umeficha kosa hilo ndani ya kosa la pili.

Likabaki gari moja gumu: limepimwa, limekuwa sawa, na bado tairi zinaliwa. Fundi analipeleka kwenye kona. Gurudumu la ndani ya kona lazima ligeuke zaidi ya la nje, kanuni iliyosajiliwa London mwaka 1818 na Rudolph Ackermann kwa niaba ya Georg Lankensperger, mtengeneza magari ya farasi wa Munich. Kanuni hiyo imo ndani ya umbo la mikono miwili inayoshika tairodi. Mkono mmoja ukipinda, gari litanyooka vizuri kwenye njia iliyonyooka na kuburuta tairi kwenye kila kona. Anageuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, anachora chaki ardhini pande zote, analinganisha. Pande mbili zisipofanana, mkosaji amepatikana.

Baada ya kukaza clampu za tairodi, fundi huyu anaomba tena aendeshwe, kwenye kipande kile kile cha barabara, kwenda na kurudi.

Tairodi yenyewe iligeuzwa labda nusu mzunguko. Mwenye gari anayehesabu kazi kwa jasho na kwa idadi ya spea ataona amelipa sana kwa nusu mzunguko wa bomba. Ninamwomba ahesabu upya. Hakuna aliyebadilishiwa rotula nzima, hakuna aliyeuziwa shokapu ya kuficha ugonjwa, na sentabolti iliyokatika imepatikana ikiwa bado ekseli haijamwacha njiani na mgonjwa nyuma. Kwa hiyo ukimpelekea fundi gari lako la zamani, mwambie linavyofanya na usimwambie afanye nini. Mpe asubuhi nzima. Mpe mafuta ya kulijaribu barabarani. Na akikuambia kwamba paralelizimu yako haina kosa, mlipe kana kwamba ameirekebisha, kwa sababu kujua mahali pasipohitaji spana nako ni kazi, na wanaoijua ni wachache.